Nimelipia huduma ya habari za siasa kwa WhatsApp hapa Mwanza, haya ndo niliyoyakuta

Watu wa Mwanza wengi mnaijua hii huduma, ile ya kulipia kwa simu halafu unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp unaletewa habari za siasa za Kanda ya Ziwa na za Dodoma kuanzia alfajiri mpaka usiku. Jina silitaji, sina nia ya kumharibia mtu biashara, nataka tu anayefikiria kulipia ajue hela yake inaenda kununua nini. Bei ni buku kwa wiki au 3,000 kwa mwezi, unalipa, unatuma skrinishoti ya muamala, muda si mrefu umeshaunganishwa. Nawapa nyota 2 kati ya 5.

Najua kuna atakayeuliza muuza dagaa anahangaikia nini na habari za siasa. Mimi nauza dagaa na kayabo pale Mwaloni Kirumba na nawaambia ukweli kila gunia linalotoka pale limeshapita kwenye siasa kabla halijafika kwa mteja. Ushuru wa soko wanapitisha madiwani, nyavu zipi ziruhusiwe na zipi zichomwe inaamuliwa serikalini, mzigo wa Congo unategemea wakubwa wa pande mbili wameelewana vipi mpakani, bajeti inasomwa Dodoma mwezi wa 6 na Julai 1 sheria ya fedha inaanza kazi, we uko sokoni unashangaa tu gharama imepanda na hujui imepandia wapi. Kwahiyo nilichokuwa natafuta ni kitu kimoja, mtu aniambie mapema nini kimeamuliwa, nani kaamua, na kinaanza lini. Na muda wa kusoma ninao hasa kipindi cha mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanategemea usiku wa giza ili taa zivute dagaa, mwezi ukiwa mkubwa maboti yanapumzika na soko linapoa, ndo tunashinda na simu.

Mazuri yao nayasema kwanza. Wako fasta sana, kitu kikitokea bungeni saa 5 asubuhi, saa 5 na nusu unacho. Wanaweka na sauti fupi kwa ambao kusoma ni shida, hii imewasaidia sana mama zetu pale sokoni ambao macho yamechoka, na bando haliishi kwasababu klipu zao wanazipunguza uzito. Admini ana adabu, ukimwandikia anajibu hata usiku. Wao wenyewe hawatukani watu na sijawahi kuona wamerusha picha ya maiti, hilo nawaheshimu kabisa maana kuna magrupu huko hayana utu.

Sasa tuje kwenye habari zenyewe.

Ukifungua simu asubuhi unakutana na HAPATOSHI, unashuka chini KIMENUKA, chini tena AMLIPUA WAZIRI, halafu PATACHIMBIKA, halafu mbunge fulani AMCHANA mkuu wa wilaya. Kila siku ni hivyo, yani mpaka unahisi nchi nzima kuanzia Dodoma hadi Sengerema hakuna kinachofanyika zaidi ya watu kushikana mashati. Ukifungua ndani sasa, ile AMLIPUA ni mbunge kauliza swali la nyongeza bungeni na waziri kajibu. Swali lilihusu nini? Haijaandikwa. Waziri kajibu nini? Haijaandikwa. Kuna sentensi ya alivyosimama kwa hasira na sentensi ya watu walivyopiga meza basi imeisha.

Ngoja niwape mfano ulioniuma zaidi. Kuna kikao cha robo mwaka cha baraza la madiwani, madiwani wawili wakarushiana maneno, klipu ikaletwa, ikarudiwa, ikaletwa na ya upande wa pili, jioni wakaleta na ya mchambuzi anayechambua ile klipu. Mimi kwa kuunganisha unganisha maneno nikagundua walichokuwa wanagombania ni ajenda ya mikopo ya asilimia 10. Kwa msioijua, hii ni ile hela ambayo kila halmashauri inatakiwa itenge kutoka kwenye mapato yake ya ndani, asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 kwasababu ya hela kupotelea kwenye vikundi hewa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Sasa pale Mwaloni tuna kikundi chetu cha akina mama tunaisubiri hiyo hela tununue chanja za kuanikia dagaa, Igoma kuna vijana wa bodaboda wanaisubiri hiyo hiyo, na madiwani ndo walikuwa wanaijadili siku hiyo, af sisi tumeletewa sura za watu wakibishana!

Nikamwandikia admini, "Habari za mchana kaka, samahani, ile ajenda ya mikopo ya asilimia 10 iliishia wapi?" Akajibu vizuri tu, "Salama dada yangu, hiyo bado hatujapata taarifa kamili, ila kuna klipu nyingine ya ule mzozo naituma sasa hivi." Na kweli akaituma.

Taarifa kamili hazikuja mpaka leo. Nilienda kuzipata mwenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mama mmoja mtaratibu, akanielezea mwanzo mwisho kwa muda ambao mwandishi angeweza kukaa naye akaandika kitu cha kuwasaidia watu kibao.

Wanaouza dagaa wanajua, kuna dagaa wa kuanikwa kwenye chanja na kuna wa kuanikwa chini mchangani, kwa macho gunia ni lile lile lakini mteja akishatafuna mchanga mara moja na sisi wa chanja anatuhesabia wote wachafu. Na hizi habari zinafanya hivyo hivyo, zinatufanya tuwahesabie viongozi wetu wote wachafu, na hao ndo tunaowapigia kura.

Daraja la Kigongo–Busisi nalo. Limefunguliwa na Rais Samia Juni 19, 2025, kilomita 3 juu ya maji, ujenzi ulianzishwa enzi za Magufuli na daraja likapewa jina lake, watu wa Sengerema na Geita waliokuwa wanakaa foleni ya kivuko masaa sasa wanavuka kwa dakika. Hakuna jambo kubwa kama lile kwa watu wa huku ukizingatia wagonjwa waliokuwa wanasubiri kivuko. Humu ndani wiki nzima ilikuwa ni nani apewe sifa, huyu kasema la fulani, yule kasema la fulani, wakachokozana kweli kweli. Mimi siwaambii waimbe mapambio ya daraja, hapana, sitaki hata hizo. Ningependa waandike yanayouma kweli. Wale akina mama na vijana waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga, karanga na maji kwenye foleni ya kivuko pande zote mbili, gari sasa hazisimami, wamehamia wapi? Nani aliwapangia sehemu? Hiyo ni habari chungu, ina lawama ndani yake, na kuna kiongozi anatakiwa aijibu. Hakuna aliyeiandika humu.

Hapo ndo nilipoanza kuona shida yao ilivyo, na naomba mnielewe kwasababu watu wengi wanalikosea hili. Watu wanasema vyombo vya habari vinawashambulia sana viongozi, vipunguze ukali. Mi naona kinyume. Hizi habari mbaya za kelele hazimgusi kiongozi hata kidogo. Leo KIMENUKA, kesho kimenuka kwingine, hakuna anayerudi kuuliza cha jana kiliishaje, sasa kiongozi anahofia nini? Anavumilia siku moja tu. Anayeumia ni mimi msomaji, nimebaki na hasira na sina nilichokijua.

Angalieni ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Kila mwaka mwisho wa Machi anamkabidhi Rais, Aprili inaenda bungeni, na hapo tunaletewa MABILIONI YALIWA, watu wanaandika hasira zao kwenye komenti, siku chache imepita. Lakini ile ripoti ina kila halmashauri ndani, ipi imepata hati safi, ipi yenye shaka, ipi chafu, na kuna kamati ya bunge ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, inawaita wakurugenzi kuwahoji moja baada ya mwingine. Huko ndo utamu uliko! Niambieni halmashauri za Mwanza zimeandikwa nini, hela gani haikuonekana, mkurugenzi kajibu nini mbele ya kamati, mwaka ujao CAG akirudi kakuta imerekebishwa au bado. Hiyo ingekuwa kali kuliko HAPATOSHI zote za mwaka mzima.

Mtoto wa dada yangu anasoma uandishi wa habari chuo cha SAUT pale Malimbe, nilimlalamikia siku moja amekuja nyumbani akaniambia mama mdogo haya mambo yamefanyiwa utafiti siku nyingi, kuna Johan Galtung na Mari Ruge wa Norway, 1965 waliorodhesha vitu vinavyofanya tukio liwe habari na ubaya ukiwemo. Akaniambia pia kuna utafiti wa 2019 wa Stuart Soroka na wenzake, walipima mapigo ya moyo na jasho la ngozi la watu zaidi ya 1,000 kwenye nchi 17, Ghana na Senegal zikiwemo, wakiwaonyesha habari za video, na kwa wastani mwili wa binadamu unashtuka zaidi kwa habari mbaya kuliko nzuri. Ila siyo wote, tofauti ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, wako wengi tu ambao hawako hivyo. Hilo la mwisho nililishika mimi, kwasababu wenye hizi huduma wakibanwa wanasema watu ndo wanataka ubaya. Wapo wanaotaka. Wapo na ambao hawataki na nao wanalipa 3,000 ile ile.

Na kuna huu wa 2023, ulichapishwa kwenye jarida la Nature Human Behaviour, walichukua vichwa vya habari zaidi ya 105,000 vya tovuti moja ya Marekani wakaona kila neno baya likiongezwa kwenye kichwa cha habari cha urefu wa kawaida watu wanabofya zaidi kwa asilimia 2.3. Asilimia 2.3! Yani kwa hiyo faida ndogo ndo tunapakaziwa uchafu asubuhi hadi jioni. Najua kwa wenye matangazo ndogo ndogo hizo zikikusanyika ni hela, lakini sisi tumeshalipia kabisa, hatuko kwenye mambo ya kubofya, sasa wanatutega kwa nini?

Ila ulioniingia zaidi ni wa profesa Thomas Patterson wa Harvard. Alikuwa anafuatilia miaka na miaka jinsi vyombo vya Marekani vinavyoandika wagombea urais, 1960 habari nyingi za wagombea zilikuwa za kuwasema vizuri, kufika 1992 nyingi zikawa za kuwasema vibaya. Uchaguzi wa 2016 akapima tena, habari za Trump asilimia 77 mbaya, za Clinton asilimia 64 mbaya. Na alichosema ni kwamba ukimponda kila mtu namna hiyo msomaji anashindwa kutofautisha kosa dogo na kosa kubwa, wote wanakuwa wale wale. Nilivyosikia hivyo nikawakumbuka watu wetu sokoni. Kuna mama mkubwa mmoja tunamheshimu sana pale, ndo aliyetufundisha wengi biashara, siku hizi ukimwambia shikamoo mama, leo kuna mkutano wa mtaa twende, anakwambia marahaba mwanangu, nendeni, wale wote ni wezi mimi naenda kufanya nini. Wote wezi. Mwenyekiti wa mtaa aliyehangaikia taa za barabarani mpaka zikawekwa, naye kwenye kapu hilo hilo. Na aliyekula hela ya choo cha soko, humo humo, amekaa kwa raha maana hakuna anayemtenga na wenzie. Mama huyu sauti za grupu hili anazisikiliza kila siku.

Taasisi ya Reuters ya kule Oxford nayo 2024 iliuliza watu kwenye nchi 47, asilimia 39 walisema kuna wakati au mara nyingi wanazikimbia habari makusudi. Siwashangai hata kidogo.

Kwanini wanafanya hivi, nimefikiria sana na nimeongea na waandishi wawili watatu wa hapa mjini. Klipu ya watu kugombana ni bure, unachukua kwenye simu ya mtu unarusha. Kufuatilia mkopo wa asilimia 10 unahitaji nauli, siku nzima ofisini, uelewa wa makaratasi, na ukishaandika uwe tayari kuitwa kuhojiwa. Waandishi wengi wa mikoani siyo waajiriwa, wanalipwa kwa stori, na stori moja haitoshi hata nauli ya kwenda Ukerewe na kurudi, ndo maana bahasha ya hela kutoka kwa anayeandikwa imekuwa kitu cha kawaida. Halafu kuna sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilizoleta leseni na ada, magazeti yalifungiwa, MwanaHalisi, Mawio, Tanzania Daima, mpaka Februari 2022 ndo yakarudishiwa leseni. Mtu akikumbuka hayo anaona bora aandike ugomvi wa wanasiasa wawili, huo hauna kesi, kuliko aandike mkataba una tarakimu. Na uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima wao nao walikuwa gizani kama sisi, siku zile siwadai. Naelewa yote haya na nawaonea huruma, ila hela yangu bado wanaichukua.

Na asije mtu akasema nataka habari tamu tamu. Mimi ni mtu wa ziwani. MV Nyerere imepinduka Septemba 20, 2018 karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, kivuko cha watu 101, waliokufa peke yao walizidi 220, sasa hiyo utaiandika vizuri kwa namna gani? Lazima iandikwe ilivyo, idadi iandikwe, nani aliruhusu watu wajae vile iandikwe, kuficha jambo kama lile ni dhambi. Au tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, magazeti na redio yalikomaa nayo, yakachapisha majedwali, ukituma kiasi hiki unakatwa hiki, kila mtu akajiona kwenye jedwali, kelele zikawa na hesabu ndani yake, na haikupita miezi miwili serikali ikapunguza asilimia 30. Zilikuwa habari mbaya zile, na zimenirudishia hela mfukoni mimi na wateja wangu wa Shinyanga na Kahama wanaonilipa kwa simu. Natamani hawa wafanye vile.

Reli ya kisasa ya SGR Mwanza–Isaka kilomita 341 imefika wapi na wapi imekwama, ile mikopo ya vizimba vya kufugia sato ziwani waliopewa wanarudisha au la, mradi wa maji wa Butimba wa lita milioni 48 kwa siku unafika mitaa ipi na ipi haifiki. Nilimwandikia admini orodha kama hii, akanishukuru, akasema atapeleka kwa wakubwa wake. Baada ya hapo kweli walituma habari moja ya SGR, ndefu, ina ramani, ina maneno ya fundi na ya mwenye shamba anayedai fidia, nilifurahi sana siku ile, nikaisambaza kwa kila mtu, hata nyota ya pili niliyowapa ni ya hiyo habari. Kesho yake tukarudi PATACHIMBIKA.

Kama unataka kujua tu nani kamjibu nani, lipia, hutapitwa na kitu. Kama wewe ni mfanyabiashara, mkulima wa pamba, mvuvi, mtu wa kikundi cha mikopo, usilipie ya mwezi, chukua ya wiki ya buku moja uone mwenyewe, na kipindi kizuri cha kujaribu ni wakati wa bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, kwasababu hapo walau hotuba za mawaziri huwa wanazituma zima zima na ukiwa na uvumilivu utapata cha kwako. Ratiba ya kikao cha madiwani unaweza kuulizia ofisi ya kata, baraza likikaa mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, nenda na kalamu. Mimi nimeshamwambia admini nitalipia mwezi mmoja mmoja, siku wakiniletea majibu ya ile mikopo ya asilimia 10, kikundi gani kimepata na kiasi gani, nalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo na akina mama wenzangu wa Mwaloni nawaingiza.

Kujitoa lazima umwandikie admini, ukikaa kimya unaendelea kutumiwa na unadaiwa.